Mlango Ulioachwa Wazi

Mchonyoto ulimjia Sekela Mwambene akiwa ameshika parachichi mkononi, sokoni Njombe, saa tatu asubuhi ya Jumamosi, ukungu ukiwa bado umelalia mabati. Ulianzia palepale unapoanzia siku zote, juu kidogo ya tako la kushoto, kama mtu anayepitisha ncha ya sindano juu ya ngozi bila kuchoma. Ukashuka nyuma ya paja, ukatulia nyuma ya goti. Sekela aliujua kama mtu anavyojua mlio wa kitasa cha nyumba yake. Ungerudi mara kadhaa leo na kesho, na Jumatatu malengelenge yangetoka mahali ambapo hata kukaa kitini ni kazi.

Alifumba macho. Hii ilikuwa mara ya tisa tangu mwaka uanze, na Agosti ilikuwa bado haijaisha.

Alipoyafumbua, muuza parachichi alikuwa amenyamaza katikati ya neno. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekwenda nyuma, umetua juu kidogo ya tako. Hakuonekana kuumia. Alikuwa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali na anangoja liitwe tena. Hatua kumi kutoka pale, mwanamke mwenye koti la kijani aliyekuwa akichagua viazi alikuwa amenyooka wima, kiganja kikiwa upande uleule, mahali palepale.

Ilidumu kwa muda wa pumzi mbili. Kisha muuza parachichi akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akaendelea na maneno yake. Lakini yule mwanamke wa koti la kijani hakurudi kwenye viazi. Aligeuza kichwa polepole, akawa anapitia nyuso za watu sokoni, mmoja baada ya mwingine, kama anayemtafuta mtu.

Sekela aliweka parachichi chini, akaondoka haraka. Hakujua kwa nini anakimbia.

*

Alikuwa na miaka ishirini na minne alipougua mara ya kwanza. Malengelenge ya sehemu za siri, hepesi, daktari alimwambia bila kumtazama usoni. Vidonda vitapona, virusi havitatoka. Huenda kwenye shina la neva karibu na mfupa wa kitokono, hulala humo, na kila vikipata nafasi hupanda tena njia ileile kuja kwenye ngozi. Watu wengi huvisikia mara moja au mbili kwa mwaka. Sekela alivisikia kila mwezi, na mwezi mwingine mara mbili. Alimeza dawa kila siku, asubuhi na jioni, bila kuruka hata kidonge kimoja. Walimwongezea kipimo. Wakambadilishia dawa. Virusi viliendelea kuja kama mpangaji mwenye ufunguo wake.

Obadia Mgaya alipomchumbia, alimwambia kila kitu kabla hajapokea barua ya posa. Obadia, mfuga nyuki, mtu wa maneno machache, alifikiri kwa siku tatu, akarudi na kusema, "Nimesoma. Tutaishi nayo." Na waliishi nayo. Yeye ndiye aliyejifunza kuchemsha maji na kuyapooza, yeye ndiye aliyejua ni lini amshike mkewe na ni lini amwachie kitanda kizima.

Kisha vikaja vituliza. Kifaa chenyewe hakikuzidi punje ya mchele. Walikipachika kwa sindano kando ya shina la neva, na kazi yake, kama walivyoelezwa, ilikuwa kusikiliza. Virusi vikianza kujinyoosha usingizini, neva hutoa mtetemo mdogo mno. Kituliza huusikia, kinapiga pigo la umeme dogo kuliko la moyo wa mdudu, na virusi vinarudi kulala. Wagonjwa walitoka kliniki wakilia kwa furaha. Mwanamke mmoja aliyewekewa siku moja na Sekela alimpigia simu baada ya nusu mwaka: hajapata hata lengelenge moja.

Sekela alikuwa nacho kwa miezi kumi na tisa. Katika miezi hiyo alikuwa ameugua mara kumi na saba. Kila aliporudi kliniki alijibiwa kwamba kifaa chake kinafanya kazi vizuri kabisa.

Na sasa alikuwa na mimba ya miezi mitano.

*

"Labda walikuwa wanaumwa kiuno tu," Obadia alisema alipohadithiwa habari za sokoni. Alikuwa amekaa barazani akifuta masizi kwenye kofia zake za wavu za kurinia asali. "Watu wa soko wanabeba mizigo."

"Wote wawili? Upande mmoja? Sekunde ileile?"

Obadia aliacha kufuta.

"Kesho wewe unaimba," Sekela alisema. "Kwaya mnawatazama waumini. Utaona kila mtu. Mchonyoto ukinijia, nitashika kilemba changu. Wewe angalia mikono ya watu."

"Kanisani, Sekela?"

"Ndipo penye watu wengi waliokaa kimya."

Ulimjia wakati wa wimbo wa pili. Sekela alipeleka mkono kwenye kilemba, na hakuthubutu kugeuka nyuma. Alimtazama mumewe tu, kule mbele, kwenye safu ya sauti za besi. Aliona midomo ya Obadia ikiendelea kuimba kwa mazoea huku macho yake yakitembea kwenye mabenchi. Kisha midomo ikasimama. Mwimbaji wa pembeni alimgusa kwa kiwiko, naye hakushtuka.

Ibada ilipokwisha alimkuta mkewe kando ya uzio. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Saba," alisema. "Nimehesabu saba. Mzee wa kanisa. Binti wa duka la dawa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Mikono ilikwenda pamoja, Sekela, kama imefungwa kamba moja. Na hakuna aliyemwona mwenzake." Alitazama nyuma, kwenye mlango wa kanisa. "Isipokuwa mmoja. Mwanamke wa koti la kijani. Yeye alikuwa amesimama anawatafuta kama mimi."

*

Jumatatu malengelenge yalitoka. Sekela alipanda kilima hadi kliniki akitembea kama mtu aliyebeba yai kati ya mapaja. Ndege za mizigo zisizo na rubani zilipita juu na maparachichi yao kuelekea uwanjani. Kila moja ilipopita, kivuli chake kiliteleza juu ya ukuta mweupe wa jengo.

Daktari Festo Kaduma alikuwa mtu mwembamba, mwenye mikono safi na sauti ya upole. Alimpima, akamwambia mtoto anaendelea vizuri, na kama vidonda vitakuwepo siku ya kujifungua, watamfanyia upasuaji ili mtoto asipite penye hatari. Alikuwa ananawa mikono Sekela alipouliza.

"Daktari, kwa nini mchonyoto wangu unawapata watu wengine?"

Maji yaliendelea kutiririka. Daktari Kaduma hakuyafunga kwa muda mrefu.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimewaona."

Alijifuta mikono kidole kwa kidole. Kisha akafunga mlango, akaiwasha ile skrini kubwa ya ukutani ambayo Sekela alikuwa ameiona imezimwa miaka yote. Vilijitokeza vidoa vya mwanga juu ya ramani ya mji na vijiji vyake. Vyote vilikuwa vya buluu, vimetulia. Kimoja tu kilikuwa chekundu, nacho kilikuwa kinapiga.

"Virusi vina ukoo, kama watu," alisema. "Vyako ni vya ukoo mmoja na vya hawa arobaini na mmoja. Vimetoka kwa mtu mmoja zamani, vikasambaa, vikabaki ndugu. Tatizo la vituliza ni kwamba virusi vinajifunza. Baada ya wiki chache hubadili namna ya kuamka, na kifaa hakivisikii tena. Tulihangaika na hilo muda mrefu. Mwishowe tukagundua kwamba kifaa kimoja kikiachwa kisikilize tu, kisizuie, virusi vikaamka mpaka mwisho, basi kinajifunza mwendo wao mpya. Kinaupeleka kwa vingine vyote vya ukoo ule. Vinapoupokea vinapiga pigo moja kwa pamoja. Ndio huo msisimko uliouona kwa watu. Wao wameambiwa kifaa kinajipima."

"Kifaa kimoja," Sekela alisema.

"Katika kila kundi tunaacha mlango mmoja wazi."

Kile kidoa chekundu kilipiga, kikapiga. Sekela aliona kwamba kinakwenda sawasawa na maumivu yake.

"Kwa hiyo miezi yote hii kituliza changu hakijanituliza hata siku moja."

"Kinasikiliza."

"Kinasikiliza tu."

"Uliridhia, dada Sekela. Ukurasa wa kumi na nne. Kifaa chaweza kutumika kuufundisha mfumo."

"Nilikuwa na maumivu, daktari. Ningetia saini hata ukurasa wa kunizika." Alishangaa kwamba sauti yake haitetemeki. "Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu unasikika. Miili mingi inanong'ona. Wako unazungumza kwa sauti." Alikaa mbele yake, akaegemeza viwiko magotini. "Sikiliza. Ukisema nifunge mlango wako, nitaufunga leo hii, ni haki yako. Lakini kundi zima litakuwa halisikii kitu hadi tupate mlango mwingine unaofaa. Wiki sita, labda nane. Yupo mmoja ambaye virusi vyake havipandi kwenye ngozi. Vinapanda kwenye utando wa ubongo. Alishalazwa mara tatu kwa homa ya uti wa mgongo kabla hajaingia kwenye kundi lako. Tangu siku hiyo, hata mara moja. Sikushawishi. Nakueleza tu."

"Wanajua? Hao arobaini na mmoja wanajua kwamba kuna mtu?"

"Hawajui."

"Naomba wiki moja," Sekela alisema, akanyanyuka kwa shida.

*

Mwanamke wa koti la kijani alimngojea Jumatano nje ya maabara ya mbegu za viazi alikofanya kazi Sekela. Alikuwa wa makamo, mrefu, amekunja mikono kifuani kama mtu anayehisi baridi peke yake.

"Kamwene, dada. Naitwa Yusta Nyagawa. Nafundisha hisabati pale sekondari." Alisita. "Jumapili nilikuona umeshika kilemba kabla haijanipata. Nusu sekunde kabla. Ni wewe, sivyo?"

Sekela aliitikia kwa kichwa. Walikwenda kukaa kwenye mbao nyuma ya jengo, Sekela akikalia upande mmoja.

Yusta alitoa daftari la shule. Kurasa zake zilikuwa zimejaa tarehe na saa, kwa mwandiko wa mwalimu, miezi kumi na tisa mfululizo.

"Walituambia kifaa kinajipima. Mashine inayojipima hujipima kwa ratiba. Hii haikuwa na ratiba. Ilikuja kama inavyokuja njaa, au hasira. Nikajua ni mtu." Alipeleka kidole kwenye ukurasa mmoja. "Hapa. Mwezi wa tatu, tarehe kumi na mbili hadi kumi na nne. Ilikuja mara kumi na moja. Nililia darasani mbele ya wanafunzi na sikujua ninalia nini."

Sekela alitazama tarehe zile.

"Tulikuwa tunamzika mama yangu," alisema.

Yusta alifunga daftari. Sekela alijihisi kama mtu anayegundua kwamba chumba alichokuwa akivulia nguo miaka yote kina dirisha.

Kisha akamweleza yote: kidoa chekundu, mlango, wiki moja aliyoomba. Yusta alisikiliza bila kumkatiza. Sekela alipotaja yule mmoja wa homa ya uti wa mgongo, mwalimu aliangalia viatu vyake.

"Ni mimi," alisema. "Mara ya tatu niliamka sijui jina la mwanangu. Siku nne sikulijua."

"Pole, dada."

"Nimekuja hapa nikijiambia, nikimpata huyo mtu nitamwambia aache. Hakuna mtu anayepaswa kubebeshwa hivyo. Una mimba, naiona." Yusta aliligeuza daftari mapajani. "Nataka kukwambia uzime, Sekela. Nashindwa. Mdomo unakataa."

*

Siku ya Ijumaa Sekela alimpigia simu Daktari Kaduma, akamtaka awaite watu wote wa kundi awaambie ukweli, ili lolote litakaloamuliwa liamuliwe na wote. Daktari alikataa. Siri za wagonjwa, alisema. Na kundi hili likivunjika, mengine hamsini yatavunjika nalo.

"Basi nitawaita mwenyewe."

"Huwajui, dada Sekela. Utawaitaje?"

Wakila chakula cha mchana alimweleza Obadia kwamba atawaita redioni, kwenye kipindi cha afya. Obadia aliweka kijiko chini.

"Watu watasema."

"Watasema."

"Mama yangu husikiliza kipindi hicho kila siku."

"Atasikia."

Obadia alitafuna taratibu tonge alilokuwa nalo mdomoni, akalimeza. "Basi nitakaa nawe studio," alisema.

Kwenye redio ya mji, katika kipindi cha afya cha Jumamosi asubuhi, Sekela alitaja jina lake kamili. Alisema ana malengelenge ya sehemu za siri, ameyaishi kwa miaka minane, hakuyaomba, na hayamfanyi kuwa mchafu. Mtangazaji alisahau kuuliza swali lililofuata. Sekela akaendelea mwenyewe.

"Nina ujumbe kwa watu arobaini na mmoja. Kama mlihisi msisimko juu ya tako la kushoto Jumamosi iliyopita saa tatu na dakika ishirini asubuhi, na tena Jumapili saa nne kasoro dakika tano, na Jumapili hiyohiyo saa kumi jioni, hiyo si mashine. Ni mimi. Nawaomba tuonane Alhamisi saa nane mchana, ukumbi wa chama cha wafuga nyuki. Sitawauliza majina."

Kabla hawajafika nyumbani simu yake ilikuwa na jumbe kumi na tatu kutoka namba asizozijua. Nyingi zilikuwa na maneno mawili tu: *Ni mimi*. Moja ilisema: *Sikuomba nijue*. Mama mkwe naye alipiga. Aliuliza tu kama wamekula.

*

Walikuja thelathini na sita. Waliingia mmoja mmoja na kukaa mbalimbali, kila mtu akiacha viti viwili kati yake na mwenzake, kama wagonjwa wanaogopana, ilhali wote walikuwa na virusi vya ukoo uleule na hawakuwa na kitu cha kuambukizana. Ukumbi ulinuka nta. Muuza parachichi alikuwepo. Mzee wa kanisa alikuwa amevuta kofia hadi kwenye nyusi. Yusta alikaa mbele.

Sekela hakuwa amelala vizuri wiki nzima. Alisimama, akaeleza kwa maneno machache, akaketi. Kijana mmoja mwenye jaketi la udereva alipiga meza.

"Sasa unataka tufanye nini? Tukushukuru? Tukuombe radhi? Mimi nilikuwa nalala usingizi wangu!"

"Nataka mjue tu," Sekela alisema. "Halafu mniambie."

Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipofunguliwa na Daktari Kaduma akaingia. Watu waligeuka. Hakukaa. Alibaki amesimama pale mlangoni katika suti yake ya kijivu, akaomba aruhusiwe kusema.

Alisema vizuri. Hata Sekela, akisikiliza, alijikuta anakubaliana na nusu ya maneno. Alisema kabla ya mfumo huu wawili kati ya waliomo ukumbini walikuwa wamejaribu kujitoa uhai. Alisema ndoa ngapi zimepona, akataja mama aliyejifungua mapacha salama. "Mnadhani nafurahi? Mtu mmoja anaumia, arobaini na mmoja wanalala. Nionyesheni daktari ambaye angeamua tofauti. Nionyesheni mzazi. Kama kungekuwa na njia nyingine, ningeichukua hata kama ingenigharimu mwili wan—"

Sekela hakuuita. Ulikuja wenyewe, siku kumi tu baada ya ule uliopita, kwa sababu ya hofu na kukosa usingizi. Mkali kuliko alivyowahi kuusikia, ukamvuta mgongo kama kamba ya upinde. Na ukumbi mzima ukainama. Watu thelathini na sita waliinamia kushoto kwa pamoja, bila sauti, kama shamba la ngano upepo unapolipitia, na mikono thelathini na sita ikaenda nyuma. Kwa mara ya kwanza waliona. Kila mmoja alimwona mwenzake, na wote wakageuka kumtazama Sekela, aliyeushika mgongo wa kiti huku jasho likimtoka. Mama mmoja alianza kulia kimyakimya.

Yusta peke yake hakumtazama Sekela. Alikuwa anatazama mlangoni.

"Daktari," alisema. "Na wewe?"

Daktari Kaduma alikuwa ameinamia kushoto. Mkono wake safi ulikuwa umeingia chini ya koti la suti, umetua juu ya tako, na yeye mwenyewe alikuwa anauangalia kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine.

Nje, nyuki walisikika kwenye mizinga ya mfano.

"Tangu lini?" Sekela aliuliza.

"Miaka kumi na miwili." Sauti yake ya upole ilikuwa imekauka. "Ndiyo sababu niliingia kwenye utafiti huu. Nilikuwa... nilikuwa napata kila baada ya wiki tatu. Nilikuwa nafanya upasuaji nimesimama kwa mguu mmoja."

"Uliponichagua mimi ulikuwa tayari kwenye kundi?"

"Mfumo ndio unaochagua. Unapanga miili kwa kadiri inavyosikika." Alijaribu kuutoa mkono mgongoni, ukakawia. "Ulitoa majina matatu. Lako lilikuwa la pili."

Sekela alingoja. Alikuwa ameshajua jibu, na bado alitaka alisikie likitoka kinywani mwake.

"Na la kwanza?"

"Langu," alisema Daktari Kaduma.

Kijana wa jaketi la udereva alikuwa wa kwanza kuinuka, na Obadia, aliyekuwa amesimama kando muda wote, akamzuia kwa kumwekea kiganja kifuani, bila nguvu. Kijana akaketi. Sekela alitembea katikati ya viti hadi mlangoni. Hatua zilimuuma. Aliona jinsi daktari alivyopata mvi nyuma ya masikio, jambo ambalo hakuwahi kuliona akiwa amelala kwenye kitanda chake cha kupimia.

"Una kibao cha kufungia vifaa?"

Alikuwa nacho ndani ya mkoba. Alikiwasha, akampa. Ilikuwa skrini ndogo yenye maandishi makubwa: FUNGA. Chini yake mahali pa kuweka kidole gumba.

Sekela aligeuka kumtafuta Yusta. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa imebanwa, na kichwa chake kilitikisika mara moja, kwenda chini na kurudi juu. Huenda ilikuwa ndiyo. Huenda alikuwa anatetemeka tu. Sekela hakuuliza. Aliweka kidole gumba, akakiacha hapo hadi mwanga ulipobadilika rangi.

"Na wewe, daktari," alisema, akimrudishia kibao. "Sikulazimishi. Nakueleza tu."

Daktari Kaduma alikipokea. Alikishika kwa mikono miwili mbele ya watu thelathini na sita, na ilimchukua muda mrefu.

*

Kubadilisha mlango kulichukua wiki mbili, si sita, kwa kuwa mwili wa daktari kweli ulisikika. Wiki hizo mbili hazikupita bure. Muuza parachichi aliugua, na mzee wa kanisa, na wengine tisa. Yusta alilazwa siku ya kumi na moja. Sekela alikwenda kukaa naye wodini mchana, akimbadilishia kitambaa cha paji la uso, na mwalimu alipofumbua macho alimtazama kwa muda kabla ya kusema, polepole, kama anayesoma ubaoni: "Sekela." Kisha akataja jina la mwanawe. Kisha akalia, wote wawili wakalia. Baada ya siku tano alirudi nyumbani.

Karatasi ya zamu ilizungushwa. Walioandika majina yao kubeba mlango kwa miezi miwili miwili, baada ya daktari, walikuwa kumi na wanne. Wengine hawakuandika na hawakusema sababu. Kijana wa jaketi la udereva aliandika. Sekela hakujiandika, na hakuomba radhi. Hakujua kama mfumo ule ulistahili kuendelea hata kwa zamu. Usiku na mchana alibishana nao kichwani, na kila mara alishindwa upande wowote aliosimama.

Mwisho wa Septemba alikuwa maabara, anapanga chupa za miche ya viazi rafuni. Mwili wake ulikuwa umetulia kwa wiki tano. Hakuwahi kupata wiki tano tangu akiwa na miaka ishirini na minne, na utulivu ule ulimtia wasiwasi kama nyumba ambayo saa yake ya ukutani imesimama.

Mkono wake wa kushoto ukaenda nyuma.

Haukuuma. Lilikuwa pigo dogo tu, kama kidole cha mtu aliyesimama nyuma yako akitaka ugeuke. Sekela aligeuka. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na rafu, na chupa, na mwanga mweupe. Lakini pamoja na pigo lile kilikuja kitu kingine, na sasa alielewa alichokuwa akikisema Yusta: kilikuwa hofu, na haikuwa yake. Ilikuwa hofu ya mwanamume, imekaa ndani ya nyonga yake, inapumua.

Alivuta kigoda, akaketi. Mtoto aligeuka tumboni. Simu ikalia.

"Dada Sekela," ilisema sauti ya Daktari Kaduma. Sekela alisikia pumzi yake ikienda sambamba na ile iliyokuwa ndani ya nyonga. "Ndivyo ilivyokuwa? Kila mara?"

"Kila mara."

"Na kesho?"

Sekela alifikiria kumdanganya. Alitazama mkono wake, uliokuwa bado mgongoni.

"Kesho ni mbaya zaidi," alisema.

Daktari hakukata simu. Naye Sekela hakuikata.